Geji Tatu Kwenye Nguzo ya Kioo

Jumatatu ile mumewe alirudi na pikapu saa tisa alasiri akipiga mluzi, na Mama Cheche akajua hapo hapo kwamba kuna jambo. Mume wake hakuwa mtu wa mluzi. Alikuwa mtu wa kushuka garini akishika kiuno, kuomba maji ya kunywa na kulaani barabara. Sasa leo mluzi wa nini?

"Mama watoto, hebu njoo uone!" aliita kabla hata hajazima injini.

Akatoka, mikono bado ina mapovu ya kufulia, akachungulia dirishani. Pale kwenye nguzo ya kioo cha mbele, upande wa dereva, palikuwa na geji tatu mpya za duara, zimepangwa moja juu ya nyingine: ya turbo, ya joto la maji, na ya presha ya oili. Sura nyeupe, namba nyeusi, sindano nyekundu. Hakuna waya hata mmoja ulioning'inia. Zote zimegeuzwa kidogo kumtazama dereva.

"Nani kafunga?" aliuliza, ingawa moyoni alishajibiwa.

"Yule fundi mpya wa pale karibu na wachomeleaji. Aisee, binti ana mikono!"

Binti ana mikono. Haya jamani, niambieni nyinyi wenyewe. Umekaa na mwanamume miaka kumi na saba, umemzalia watoto watatu, na wewe mwenyewe ni fundi umeme wa magari, tena fundi anayetafutwa na watu kutoka mbali. Halafu mwanamume huyo anakwenda kufungiwa geji na mwanamke mwingine, anarudi na mluzi mdomoni, anakwambia binti ana mikono. Ungecheka? Mama Cheche hakucheka. Alisema, "Hongera," akarudi kwenye beseni kumalizia kufua shati la mtu huyo huyo, na shati lile siku hiyo lilikiona cha mtema kuni.

Jina la Mama Cheche alilipata gereji, na alilipata mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa sababu ya kazi, mara ya pili ni kwa sababu ya mdomo. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa kwenye kibanda cha kuchajia betri. Jirani na kibanda alikuwepo fundi umeme mmoja mzee ambaye macho yake yalishachoka, hawezi tena kutofautisha waya mwekundu na wa kahawia. Basi mzee akawa anamwita: "Binti, hebu nisomee rangi." Anasoma rangi. Kesho tena, anasoma rangi. Baada ya miaka miwili ya kusoma rangi alikuwa anajua kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, na mzee alipostaafu, wateja walimkuta binti amekalia stuli ile ile na taa ya kupimia mkononi. Wanaume walimcheka. Walimwambia atanaswa na umeme. Aliwajibu majibu ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mume naye alimpata hapo hapo gereji. Alikuja na pikapu ambayo ukizungusha ufunguo, stata inasema tak, basi. Mama Cheche akaitengeneza. Wiki iliyofuata akaja tena, tak. Akakaza waya uliokuwa umelegea. Wiki ya tatu, tak. Safari hii akautazama ule waya kwa makini, akaona alama za koleo kwenye nati yake. "Kaka," alisema, "huu umeulegeza mwenyewe." Yule kijana akaangalia chini, akasema ndiyo, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kurudi. Wakaoana mwaka ule ule.

Sasa mnaelewa kwa nini ule mluzi ulimchoma? Mwanamume aliyewahi kulegeza waya kwa makusudi ili amwone fundi wa kike, ndiye huyu huyu amekwenda kwa fundi mwingine wa kike. Atalegeza ngapi huko?

Ila tuseme ukweli, maana ukweli haupendelei mtu. Geji ya joto iliyokuja na gari ilishakufa mwaka juzi. Sindano imelala chini, haipandi wala haishuki. Mume alimwomba mkewe amfungie nyingine mwaka mzima na zaidi. "Kesho," anaambiwa. "Wiki ijayo." "Nina gari la mteja, baba watoto, si unaona?" Mganga hajigangi. Mara mbili walikwenda pamoja dukani kuchagua, na mara zote mbili mume aliziganda zile zenye taa za bluu zinazobadilika rangi, na mke akazikataa. "Unataka gari au disko?" alimuuliza mbele ya muuzaji. Geji nzuri, alimfundisha, ni ile unayoisoma kwa jicho moja huku jingine liko barabarani: sura nyeupe, namba chache, sindano. Wakatoka dukani mikono mitupu, kila mmoja amenuna kwa upande wake.

Jioni ile ya Jumatatu, mezani, hakuweza kujizuia. "Na hizo geji ulizichagua mwenyewe?"

"Wapi! Mimi nilizitaka zile za bluu. Fundi akanikatalia. Akaniuliza, 'Mzee, unataka gari au disko?'" Mume akacheka kwa furaha hadi akapaliwa.

Mama Cheche alihisi ameibiwa. Utani wake! Wake mwenyewe, aliousema kwa mdomo wake, sasa unarudishwa nyumbani ukiwa wa mtu mwingine na unachekwa kuliko ulivyochekwa ukiwa wake.

"Halafu ona ujanja wake," mume aliendelea, hana habari. "Kazizungusha kila moja kwenye tundu lake ili mambo yakiwa sawa, sindano zote tatu zisimame wima. Sisomi hata namba. Natupa jicho, zimesimama, naendelea. Moja ikiinama, najua kuna tatizo."

Miaka ishirini na zaidi kazini, na wazo hilo halijawahi kumpita kichwani. Ni wazo dogo, rahisi, la mtu mwenye akili, na ndiyo maana lilimuuma. Alisema amechoka, akaenda kulala na njaa yake.

Tangu siku hiyo yule binti akapata jina. Gereji walimwita Fundi Mpya. Mama Cheche, moyoni, alimwita Kidosho.

Na asubuhi ya Jumanne, kana kwamba haitoshi, muuza vocha wa njia panda akamwita. Huyu muuza vocha ni mtu ambaye hajawahi kuona jambo likapita asilidandie. "Shemeji jana nimemwona," alisema huku akipanga kadi zake. "Kapita hapa mara tatu na yule fundi wa kike, wawili ndani ya pikapu. Walikuwa wanajaribu gari, nadhani."

"Wanajaribu geji," alisema Mama Cheche.

"Mara tatu?"

"Geji ziko tatu."

Alijibu vizuri, eti? Lakini njia nzima alikuwa anahesabu viti. Pikapu yao ina viti viwili tu, cha dereva na cha pembeni. Kile cha pembeni kilikuwa chake. Hajawahi kukiandika jina, lakini mtu wa nyumbani haandiki jina kwenye kiti chake.

Mchana mume alirudi kula, akajilaza. Alipoanza kukoroma, Mama Cheche alichukua ufunguo kwenye msumari, akachukua tochi, akatoka uani polepole kama mwizi wa kuku. Alikwenda kutafuta takataka. Aliomba azikute. Alijua kuna mahali fundi mwongo hujificha, nyuma ya dashibodi, ambako mteja hafiki mpaka siku ya kiama. Akalala chali chini ya usukani, akamulika.

Hakukuta takataka. Kila kiungo kilikuwa kimechomelewa kwa risasi ya kuyeyusha na kuvishwa mpira. Kila geji na fyuzi yake. Pale waya zilipotoboa bati kuingia kwenye injini, tundu lilivalishwa mpira mnene ili bati lisije likazikata. Zimefungwa pamoja, zimelala, zimetulia. Yeye mwenyewe, akiwa na haraka na mteja anampigia honi, asingefanya hivi. Alikaa pale chini, shingo imepinda, akahisi machozi ya hasira. Angekuta uozo angelala usingizi wa mtoto mchanga! Wivu bwana, hauna shukrani. Mume wako kafungiwa kitu kizuri, na wewe unalia kwa sababu ni kizuri.

Basi akawasha injini, labda kuna kitu. Aliiacha ingurume, akangoja ipate moto. Sindano ya maji ilipanda, ikapanda, ikasimama wima, imetulia. Akatazama namba: sabini.

Sabini?

Aliijua injini ile kama anavyojua miguu ya wanawe. Ikishapata moto inakaa themanini na tano, siku zote. Akafungua boneti, akagusa bomba la juu la rejeta, mkono ukaruka wenyewe. Pale hapakuwa na sabini. Akamulika mahali ilipofungwa sensa ya maji, kile kipimo kinachoipelekea geji habari za joto, na hapo ndipo alipoiona: tepu. Ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba, imezungushwa kwenye nyuzi za sensa, zile za kukazia kama za skrubu, ili maji yasivuje, imezungushwa vizuri, kwa upendo, mizunguko mitano au sita.

Sensa ya aina ile ina waya mmoja tu. Umeme unaingia kwa waya na unarudi kupitia chuma chake chenyewe, kwa zile nyuzi zinazogusa injini. Ukiziviringisha tepu, umeuzibia njia ya kurudi, unapenya kwa shida, na geji inasoma chini ya ukweli. Maji yakichemka, geji itakwambia yana uvuguvugu. Na Kidosho, kwa ule ujanja wake, ameuchukua uongo huo wa sabini na kuusimamisha wima.

Mama Cheche alifurahi. Ndiyo, alifurahi, tusimsingizie kuwa malaika. Alifunga boneti taratibu na tabasamu likamtoka lenyewe. Kosa la mwanafunzi! Kosa la mwezi wa kwanza!

"Unaikagua?" Mume alikuwa amesimama mlangoni, anajikuna tumbo, usingizi bado usoni. "Ehe, bingwa, unaionaje kazi?"

Hapa ndipo palikuwa pa kusema. Neno moja tu, tepu, na dakika kumi za spana. Lakini alimtazama yule mume anavyongoja, anavyotaka mke aisifu kazi ya binti.

"Nzuri," alisema.

Mpango wake ulikuwa mdogo. Hakutaka gari life, la hasha. Alitaka tu limtie dereva wasiwasi, joto lipande kidogo, mvuke utoke kidogo, mume aje nyumbani kichwa chini aseme, "Mama watoto, hebu nitazamie wewe, yule mtoto ameharibu." Ndilo neno alilolitaka. Yule mtoto ameharibu. Na wiki ile mume alikuwa na safari za tambarare tu, mbao na viti vya kukodi, kwa hiyo kuna hatari gani?

Jumatano alikwenda duka la spea kununua fyuzi, na nani anamkuta kwenye kaunta? Hakuwahi kumwona kwa karibu. Alitegemea kucha na poda. Alikuta msichana wa miaka ishirini na sita hivi, ovaroli imekunjwa mikono, penseli imechomekwa kwenye nywele, na kovu la kuungua na risasi ya kuchomelea kwenye kidole gumba. Mama Cheche analo kovu kama hilo. Na kweli alikuwa mzuri, hata bila poda, jambo ambalo lilizidisha kosa.

"Shikamoo, dada," alisema Kidosho na akainama kidogo.

"Marahaba."

"Dada, mimi nilitaka hata kuja kwako kujitambulisha, naona haya. Kila mtu ananiambia wewe ndiye bingwa. Ile pikapu ya shemeji, nilipojua ni ya kwako nilitetemeka. Nikamwambia, kwa nini mkeo asifunge? Akasema hupati nafasi." Akashusha sauti. "Naomba uikague. Mimi nimetoka kwenye majenereta, magari bado najifunza. Ukikuta kosa usinifiche, dada. Heri unichambe."

Mwenye duka akapiga kaunta kwa kiganja. "Mabingwa wawili kwa mpigo! Leo duka limebarikiwa!"

Wawili. Jana alikuwa mmoja.

"Nikipata nafasi nitaitazama," alisema Mama Cheche, akalipa, akatoka, akasahau fyuzi zake juu ya kaunta. Ni Kidosho aliyemkimbilia nazo barabarani.

Usiku, wakati wa chakula, mume alikuwa na habari. Kesho amepata kazi ya maana: mifuko ishirini ya saruji kupeleka kwenye ujenzi wa shule juu ya mlima, na akiwaridhisha watampa kazi hiyo mpaka jengo liishe. Mlima ule wote wanaujua. Kona baada ya kona, na mahali pa kusimama ni pa kubahatisha.

"Zamani nilikuwa nasimama kila kona kupoza injini, kwa woga, maana sina macho," alisema. "Kesho napanda moja kwa moja mpaka juu. Sindano zimesimama, mimi naenda."

Mama Cheche aliacha kutafuna. Mifuko ishirini, mlima, na geji inayosema uongo. Si mzaha tena huu. Akafungua mdomo.

"Yaani yule binti kaniokoa," alisema mume.

Akafunga mdomo. Lo, mwanamke yule! Neno lilishafika kwenye ulimi, akalimeza pamoja na tonge. Alijiambia atamwambia asubuhi. Asubuhi mume aliondoka saa kumi na mbili kwenda kupakia, naye akajifanya bado amelala.

Saa mbili yuko gereji, mbele ya gari la mteja lenye taa zinazowaka zikizimwa. Alipima waya mmoja mara nne na mara zote akasahau alichokiona. Kila akifumba macho anaona maji yanachemka ndani ya injini, silinda hedi inapinda, na mume anatazama sindano nyekundu, imesimama wima, anasema, niko salama. Pikapu ile ndiyo iliyowalisha. Injini ikifa hawana nyingine. Na injini ikifa kwenye kona ya mlima, na mzigo mgongoni, unarudi nyuma na nani atakusimamisha? Alipofika kwenye wazo hilo akatupa taa ya kupimia chini.

Akapiga simu. Inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Mara ya tano hakuingoja ikatike. Alichomoa spana namba kumi na saba na brashi ya waya, akavitia mfuko wa mbele wa aproni, akasimamisha pikipiki barabarani kwa kuingia katikati yake.

"Mama, unataka kufa?" alifoka mwenye pikipiki.

"Nipeleke mlimani. Kimbiza!"

Njiani alijililia kimoyomoyo. Aliahidi kila kitu. Ataisifu ile kazi, atamwita yule msichana mdogo wangu, atamfundisha bure, lakini baba watoto awe hajaanza kupanda.

Na kweli hakuwa ameanza. Pale chini ya mlima, kwenye kituo cha mafuta, pikapu ilikuwa imesimama kivulini na saruji yake yote, boneti imefunguliwa. Mume alikuwa amesimama mbele, ameshika tochi. Miguu ya ovaroli ilikuwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mwili umezama kwenye injini. Na niwaambie jambo la aibu: mwanamke aliyekuwa akiomba njia nzima mumewe awe hai, alipomkuta hai, ameshika tochi akimmulikia Kidosho, kitu cha kwanza kilichomwingia ni wivu. Mimi hajawahi kunishikia tochi, alisema moyoni.

Kidosho akachomoka, uso una grisi mpaka puani. Alipomwona, akashuka kwenye ndoo mbio.

"Dada! Nimeharibu, dada. Asubuhi hii nimefunga sensa kwenye gari jingine, geji ikasoma chini, nikaitoa, nikaifunga bila tepu, ikasoma sawa. Moyo ukanipasuka. Za jenereta nilizozizoea zina waya mbili, tepu haina neno. Nikakumbuka nimemfungia shemeji hivyo hivyo. Nikampigia simu pale pale, nikamwambia simama ulipo, usipande, geji yangu inadanganya." Alivuta pumzi. "Nisamehe. Ningemuua mumeo."

"Simu yake ilinikuta natoka kupakia," alisema mume. "Nikaja mpaka hapa nikasimama. Sasa simu iko duka la hapa kituoni inachaji." Alikuwa na furaha kumwona mkewe, furaha kabisa, na akamgeukia kwa uso wote. "Na wewe je? Nani kakwambia niko hapa?"

"Nilikuwa nakutafuta."

"Kuna nini nyumbani? Watoto?"

"Watoto wazima."

Mume akatazama aproni. Mfukoni pametokeza spana na brashi. Yeye si fundi, lakini alikuwa ameshika tochi nusu saa, na kwenye taulo juu ya betri Kidosho alikuwa amepanga vifaa vya kazi hiyo: spana namba kumi na saba, na brashi ya waya ya kusafishia nyuzi. Akatazama taulo. Akatazama aproni tena.

"Mama watoto," alisema polepole, "hii tepu ulikuwa unaijua."

Kidosho akawahi kusema, "Labda dada alitaka kwanza kuhakikisha..."

"Tangu lini?" aliuliza mume, hamsikii.

Angeweza kudanganya. Angesema leo asubuhi. Mdomo ule uliowanyamazisha wanaume gereji nzima haukushindwa na uongo mdogo kama huo. Lakini uso wa yule msichana ulikuwa pale, una grisi, umetoka kukiri kosa lake mbele ya mteja bila kuulizwa na mtu, na Mama Cheche aliona haya hata kujaribu.

"Tangu juzi," alisema.

Hakuna aliyemfokea. Angefokewa angejua la kufanya, maana kufokeana ni lugha yake. Mume alizima tochi, akaiweka juu ya taulo, akamwambia Kidosho, "Fundi, malizia." Kidosho akamaliza bila kuinua macho. Sensa ikaingia chuma kwa chuma. Wakawasha injini, wakangoja wote watatu mpaka sindano ikapanda, ikapita pale pa wima, ikainama kulia na kukaa kwenye themanini na tano. Kidosho akaingiza mkono, akaizungusha geji kwenye tundu lake, sindano ikasimama wima tena.

"Mtu aje aitazame wakati wa kupanda," alisema Kidosho. "Dereva asiiangalie peke yake safari ya kwanza. Dada, panda wewe. Mimi nitarudi kwa miguu."

Mama Cheche alishafungua mlango wa upande wa abiria. Mguu mmoja ulikuwa juu.

"Hapana," alisema mume. Alikuwa ameshakaa kwenye usukani, macho yako mbele barabarani. "Apande fundi."

"Na mimi ni nani?" aliuliza Mama Cheche.

"Nataka mtu ambaye sindano ikiinama ataniambia."

Kidosho akakataa, akasema hapana shemeji, haifai, akarudi nyuma kabisa mpaka kwenye pampu za mafuta. Mume hakubishana naye. Alingoja tu, injini inanguruma. Mwishowe ni Mama Cheche mwenyewe aliyeshusha mguu, akamshika yule msichana mkono, akamleta mpaka mlangoni. "Panda," alimwambia. "Uitazame vizuri." Akamfungia mlango.

Pikapu ikaingia barabarani, ikabadilisha gia, ikaanza kupanda bila haraka. Aliifuata kwa macho mpaka kona ya kwanza. Mwenye pikipiki, ambaye alikuwa ameyasikia yote na kujifanya anafuta kioo, akakohoa.

"Mama, tunawafuata au tunarudi?"

Mama Cheche alitafuta mtu wa kumlaumu, akamtafuta kwelikweli, akamkosa. "Turudi," alisema.